Ngome ya Medici, Volterra: tathmini ya mahali nisiporuhusiwa kuingia

Ni jambo la ajabu kidogo kuandika tathmini ya jengo ambalo mwandishi hakuvuka kizingiti chake, lakini Fortezza Medicea, yaani Ngome ya Medici iliyoko Volterra katika jimbo la Toscana, Italia, haimpi mgeni namna nyingine. Haina dirisha la tiketi, haina saa za kufunguliwa, wala haina duka la kadi na vikumbusho. Ni gereza linalofanya kazi hadi leo, na wanaopita langoni mwake kila siku ni wafungwa, askari magereza, walimu, mawakili, na ndugu waliokuja kuwaona watu wao. Hata hivyo, anayefika Volterra huiona kabla ya kuona kitu kingine chochote, na wengi huondoka wameipiga picha bila kujua walichokipiga. Mimi niliizunguka kwa siku mbili, asubuhi na jioni, na naona inastahili kupimwa kama inavyopimwa ngome yoyote inayotoza kiingilio: inampa mgeni nini, inamnyima nini, na je, kuna faida ya kukipanda kilima kile kwa ajili yake? Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, ilimradi mgeni ajue mlango ule umefungwa kwa sababu gani, kwa kuwa kufungwa kwake si kasoro ya ngome bali ndiyo kazi yenyewe iliyojengewa.

Nianze na lawama ili niimalize mapema. Tovuti moja ya wasafiri niliyoitegemea kupanga safari iliiweka ngome hii katika orodha ya makumbusho, ikaipa saa za kufunguliwa na za kufungwa, na ikaongeza ushauri wa kuwahi asubuhi ili kuepuka foleni. Nadhani aliyeandika ushauri huo hajawahi kukanyaga Volterra. Nilipanda njia ya mwinuko iitwayo Rampa di Castello nikiwa nimeshika sarafu mkononi, nikakuta lango zito, kamera na kengele. Foleni ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa ya akina mama wenye mifuko. Nilirudisha sarafu mfukoni nikashuka kimya kimya, na baadaye, nilipomuuliza mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi la bustani mahali pa kukatia tiketi, alicheka kwa adabu, akainua fimbo yake kuelekea kwenye minara, akaniambia kwamba tiketi za mle ndani hutolewa na hakimu.

Volterra iko juu ya kilima chenye mwinuko wa zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, katika mkoa wa Pisa, na kuifikia kunahitaji uvumilivu. Treni haifiki mjini; kituo cha karibu kiko Saline di Volterra, kiasi cha kilomita 10 huko bondeni, na asiye na gari hutegemea mabasi, ambayo mara nyingi humlazimu kubadilisha Colle di Val d'Elsa au Pontedera. Siku za Jumapili na sikukuu safari hupungua mno, kwa hiyo anayetaka kurudi siku hiyo hiyo asome ratiba mara mbili. Malipo ya usumbufu huo ni barabara yenyewe, ambayo hupanda kwa kuzungukazunguka, na katika kila kona ngome huchomoza upande tofauti: mara mbele ya kioo cha basi, mara nyuma ya bega la dereva, mara inamezwa na miberoshi kisha inaibuka tena ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Jengo hili halikukusudiwa kujificha, na hilo mgeni hulielewa kabla hajashuka garini.

Mahali pazuri pa kuitazama kwa utulivu ni bustani ya akiolojia iliyopewa jina la Enrico Fiumi, iliyo jirani kabisa na kuta zake. Nyasi za bustani hiyo ni za wote na hazina malipo. Kinacholipiwa ni sehemu yenye misingi ya mahekalu ya Waetruski, watu wa kale wa Italia waliokuwepo kabla ya Warumi, ambao waliuita mji huu Velathri, pamoja na birika kubwa la maji lililochimbwa na Warumi. Wenyeji huja hapo na magazeti, watoto na mbwa wao, wakajilaza juani. Niliona jambo moja ambalo pengine ni bahati tu ya saa ile: karibu wote walikuwa wameipa ngome mgongo.

Anayeitazama kwa makini hugundua kwamba si ngome moja bali ni mbili zilizofungwa pamoja kwa kuta ndefu. Ile ya kale, Rocca Vecchia, ilianzishwa wakati wa Gualtieri di Brienne, aliyejulikana kwa cheo chake cha Mtawala wa Athens, ambaye aliitawala Firenze kwa muda wa chini ya mwaka mmoja kati ya 1342 na 1343 kabla wananchi hawajamfukuza. Ile mpya, Rocca Nuova, iliamriwa na Lorenzo de' Medici, kiongozi wa Firenze kutoka ukoo wa wenye benki wa Medici, na kujengwa kuanzia 1472, kwa kasi ambayo mafundi wa siku hizi wangeiona ni ya kutisha. Ina umbo la pembe nne, na kila pembe ina mnara wa duara, na katikati umesimama mnara mkuu uitwao Mastio, nao ni wa duara vilevile, mnene, usio na mapambo. Jina Mastio linatokana na neno lenye maana ya dume, na mnara wa ile ngome ya kale watu wakaupa jina la Femmina, yaani jike. Kwa hiyo wenyeji wana mnara dume na mnara jike, na huyataja majina hayo bila hata kutabasamu.

Uduara huo si urembo. Msanifu anayetajwa kuwa aliisimamia kazi hii ni Francesco di Giovanni, aliyeitwa Francione, mtu wa Firenze aliyeanzia kwenye useremala kabla ya kuingia katika uhandisi wa vita. Wakati wake mizinga ilikuwa imeanza kuvuruga kila kitu ambacho wajenzi walidhani wanakijua. Ukuta mwembamba na mrefu, ambao kwa karne nyingi uliwazuia watu wenye ngazi na mishale, ukawa shabaha rahisi, na mnara wa mraba ukaonekana kuwa mbaya zaidi kwa sababu kona zake hupasuka zikipigwa. Mnara wa duara hauna kona ya kupasuka, na tufe la chuma lililoupiga pembeni huteleza badala ya kuuma. Miaka michache tu baadaye wahandisi wa Italia waliiacha minara kabisa, wakahamia kwenye maboma mafupi yenye pembe kali kama nyota. Volterra inaonyesha ile hatua ya katikati: bado ni ndefu kama ngome za mababu, bado ina ule ukingo wa juu uliobebwa na vitegemeo vya mawe ili askari waweze kuangusha vitu juu ya vichwa vya maadui, lakini tayari imenenepa na kuviringana. Kwa mpenzi wa majengo ya vita, hilo peke yake linatosha kumpandisha kilimani, na halihitaji kuingia ndani, kwa sababu hoja yote ya msanifu iko upande wa nje.

Nililisogelea pia jiwe lenyewe. Kuta za mji karibu na lango la Porta a Selci, ambalo liko chini ya ngome, zimejengwa kwa jiwe la manjano iliyofifia ambalo hapa huitwa panchina. Ukilitazama kwa umbali wa kiganja kimoja, utaona limejaa vipande vya kombe: mkunjo wa chaza, ncha ya konokono wa baharini, mistari myembamba kama ya kucha. Kilima hiki kilikuwa sakafu ya bahari zamani sana. Nilipitisha kidole kwenye kombe moja lililokatwa katikati na patasi ya fundi, likaniachia vumbi kama unga wa muhogo. Jiwe hili ni jepesi kuchonga, lakini halisamehe maji yakilala nyuma yake; mwishoni mwa Januari 2014, baada ya mvua kubwa, sehemu ya kuta za zama za kati za mji huu iliporomoka.

Sasa niifikie sababu ya ngome hii kuwepo, maana hapo ndipo penye uzito wote. Chanzo chake ni shabu. Ile chumvi nyeupe ambayo wazee waliitumia kusafishia maji ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa biashara ya nguo katika karne ya 15, kwa kuwa bila shabu rangi haishiki kwenye sufu, na Firenze ilikula na kunywa kwa sufu. Kwa muda mrefu shabu nzuri ilitoka Asia Ndogo, lakini baada ya Waosmani kuichukua Konstantinopoli mnamo 1453, kuipata kukawa kwa gharama na wasiwasi, hadi ilipogunduliwa kwa wingi huko Tolfa katika ardhi ya Papa mwanzoni mwa miaka ya 1460. Benki ya Medici ilikuwa na mkono wake katika biashara hiyo. Basi shabu ilipogunduliwa pia katika ardhi ya Volterra karibu na mwaka 1470, na kibali cha kuichimba kikaangukia mikononi mwa kundi la wafanyabiashara waliokuwa karibu na Lorenzo, raia wa Volterra walisema kwamba mali ya mji imeuzwa kwa bei ya kutupa. Ugomvi ukageuka kuwa vurugu, vurugu zikawa mauaji, na mnamo 1472 Firenze ikamtuma Federico da Montefeltro, bwana wa Urbino, akiwa na jeshi la kukodiwa.

Mji ulizingirwa, na katikati ya Juni ukasalimu amri kwa ahadi kwamba watu na mali zao vitakuwa salama. Ahadi haikutimizwa. Askari waliingia wakapora kutwa nzima, wakaua, wakachukua walichoweza kubeba. Mgodi wenyewe, uliosababisha yote hayo, haukuchukua miaka mingi ukaachwa, kwa sababu shabu yake ilikuwa duni. Kilichobaki ni ngome. Ilianza kujengwa mwaka uleule wa maangamizi, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo mtu anaweza kuiona kila paa ya Volterra kama anavyoyaona mabakuli yaliyopangwa juu ya meza.

Ukishajua habari hiyo, kuta zile hubadilika machoni pako. Siku ya kwanza nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ngome hulinda mji dhidi ya wageni, nikawa najiuliza adui alitazamiwa kutoka bonde gani. Siku ya pili nilielewa kwamba nilikuwa nimesimama upande wa adui. Adui alikuwa mjini: mchonga mawe, mfuma sufu, padri, muuza mafuta, yeyote ambaye angeweza kukumbuka mwaka 1472 kwa sauti. Ngome imekaa pale mji unapokutana na njia ya nje, hivi kwamba jeshi kutoka Firenze lingeweza kuingia humo bila kupita hata kichochoro kimoja cha Volterra, kisha likateremka mitaani kutoka juu.

Na ndivyo ilivyotokea. Mnamo 1530, Firenze ilipokuwa imewafukuza Medici na kuzingirwa na majeshi ya mfalme Karolo wa Tano, Volterra iliona nafasi yake ikaenda upande wa pili. Mji ulihama, ngome haikuhama, kwa sababu kikosi kilichokuwa ndani kilibaki na jamhuri ya Firenze. Mwezi wa Aprili kamanda wa Firenze, Francesco Ferrucci, alikuja mbio na watu wake, akaingia ndani ya ngome, akawapumzisha kidogo, kisha akashuka na kuutwaa mji kwa mapigano ya nyumba kwa nyumba. Jengo lililowekwa na Lorenzo kuwatisha watu wa Volterra lilitumika miaka 58 baadaye kuwapiga watu walewale, safari hii kwa niaba ya watu waliowachukia Medici. Kuta hazikujali bendera gani inapepea juu yake. Zilijua upande mmoja tu wa kutazama.

Kazi ya gereza nayo haikuja baadaye kama nyongeza. Baada ya njama ya 1478 ya ukoo wa Pazzi, wapinzani wa Medici, ambapo ndugu wa Lorenzo de' Medici aliuawa ndani ya kanisa kuu la Firenze, baadhi ya wanaume wa ukoo huo walionusurika walifungiwa hapa. Mfungwa ninayemkumbuka zaidi ni mwanahisabati Lorenzo Lorenzini, ambaye katika karne ya 17 alitupwa humo kwa zaidi ya miaka 10 na Cosimo wa Tatu de' Medici kwa mambo ya fitina za kasri, akautumia muda huo kuandika kuhusu jiometri ya mikato ya koni. Ndugu yake Stefano, tabibu, aliyekumbwa na hasira ileile ya mtawala, ndiye aliyeeleza mnamo 1678 vile vitundu vidogo vilivyojaa ute kwenye vichwa vya samaki aina ya taa na papa, ambavyo leo vinajulikana kuwa humsaidia samaki kuhisi umeme wa windo lake na bado vinabeba jina la Lorenzini katika vitabu vya baiolojia. Najua nimetoka nje ya mada kidogo, lakini nilipotazama tundu la Mastio nilishindwa kutowafikiria.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wasafiri wanaonung'unika kwamba gereza lingehamishwa ili ngome ifunguliwe. Nimetembea juu ya kuta za ngome ya Siena, iliyojengwa na Cosimo wa Kwanza katika miaka ya 1560 baada ya kuuteka mji ule, na leo ni bustani ya wazi: watu wanakimbia, wapenzi wanapiga picha, hakuna anayelipa chochote. Inapendeza, ila nilishuka bila kuhisi kwamba ilijengwa kuwakandamiza waliokuwa chini yake. Fortezza da Basso ya Firenze, iliyojengwa kati ya 1534 na 1537 kwa nia ileile ya kuutazama mji kwa jicho kali, leo ni ukumbi wa maonyesho ya biashara, na siku niliyopita hapo kulikuwa na malori yakishusha viti. Gereza la zamani la Le Murate, mjini humo humo, limegeuzwa makazi na mikahawa. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, na kama siku moja wafungwa wa Volterra watapewa mahali pa kuishi palipo bora zaidi, hakuna mpenda historia mwenye haki ya kusikitika. Ninachosema ni kwamba kwa sasa Volterra ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mgeni anaweza kusimama mbele ya ngome ya karne ya 15 na kupata jibu lilelile ambalo angelipata mwaka iliyomalizika, nalo ni hapana.

Hata hivyo mlango una nyufa zake, na mbili kati ya hizo zinastahili sifa. Ya kwanza ni ukumbi wa maigizo. Mwaka 1988 mwongozaji Armando Punzo alianza kufanya kazi na wafungwa katika chumba cha mita 3 kwa 9, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa kundi liitwalo Compagnia della Fortezza, ambalo limekuwa likitoa mchezo baada ya mchezo na kupata tuzo kubwa za maigizo nchini Italia. Mnamo 2023 Punzo alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kuheshimu kazi ya maisha yote, huko Venezia. Katika kiangazi michezo huonyeshwa ndani ya ngome yenyewe, uani, juani, na watazamaji kutoka nje huruhusiwa kuingia. Ya pili ni chakula cha jioni kinachoitwa Cene Galeotte, kilichoanza katikati ya miaka ya 2000, ambapo wafungwa hupika na kuandalia wageni wakiongozwa na wapishi wenye majina wanaojitolea, na mapato hupelekwa kwenye kazi za hisani. Jina hilo lina utani: galeotto alikuwa mtu aliyehukumiwa kupiga makasia merikebuni, na neno likabaki kumaanisha mfungwa.

Nafasi zote mbili zina masharti ambayo mgeni wa haraka hatayaweza. Ni lazima mtu ajiandikishe mapema, kwa kawaida wiki kadhaa kabla, na atoe nakala ya kitambulisho au pasipoti ili achunguzwe na mamlaka. Hakuna kuja mlangoni na kubembeleza. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, na safari yangu haikuangukia tarehe yoyote, kwa hiyo sitajifanya mtaalamu wa mchuzi wao. Nikipewa kuchagua, lakini, ningechagua mchezo kabla ya chakula. Katika chakula, mgeni amekaa na mfungwa anamhudumia, na hata nia ikiwa njema kiasi gani, mpangilio ule unafahamika mno tangu zama za Medici. Katika mchezo, mgeni ndiye aliyekaa kimya na mfungwa ndiye mwenye sauti. Rafiki yangu aliyewahi kuhudhuria vyote viwili aliniambia nimekosea, kwamba mezani watu huzungumza na jukwaani hawazungumzi na mtu. Nalifikisha neno lake kama alivyolisema.

Kwa upande wa huduma nyingine, tathmini yangu ni fupi. Maelezo ya ngome yanayomfikia mtembezi wa kawaida ni machache, na asiyesoma kabla ya kuja ataondoka na picha tu. Njia zinazoizunguka ni za mwinuko na zina mawe yanayoteleza mvua ikinyesha, hivyo viatu vya ngozi laini viachwe chumbani, na mwenye kutumia kiti cha magurudumu atafute njia ya kuifikia bustani kwa gari. Asubuhi mapema ni vizuri kuitazama kutoka Viale dei Ponti, barabara ya ukingoni ambayo upande mmoja ina ngome juu na upande wa pili ina mabonde ya ngano hadi upeo wa macho. Jioni ni zamu ya bustani, jua linapozipiga kuta ubavuni na kuzigeuza rangi ya asali. Aliye tayari kulipa apande mnara wa Palazzo dei Priori, jumba la serikali ya mji lililoanza kujengwa mnamo 1208. Kutoka juu kule ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mji na ngome kwa jicho moja, mapaa yamesongamana upande huu na lile dude la mawe limejitenga upande ule, na nikajua kwamba mwenye mnara na mwenye ngome walikuwa wakitazamana kwa miaka mingi bila kupendana.

Aliyebakiwa na saa moja aende pia Porta all'Arco, lango la Waetruski lenye vichwa vitatu vya mawe vilivyoliwa na upepo. Mwishoni mwa Juni 1944 wanajeshi wa Ujerumani walitaka kulilipua ili kuzuia njia, na watu wa Volterra, wanaume kwa wanawake, wakang'oa mawe ya barabarani na kuliziba lango lote ndani ya siku moja ili lisiwe na haja ya kulipuliwa. Nilisimama hapo nikifikiri kwamba mji huu una malango mawili ya kukumbukwa, moja walilolifunga wenyewe ili lipone, na jingine walilofungiwa.

Jambo la adabu ambalo sikulikuta limeandikwa popote: mgeni asiwapige picha watu walio langoni. Siku ya pili, nikipita tena Rampa di Castello, niliwakuta wakisubiri zamu yao. Mama mmoja alikuwa na watoto wawili na mfuko wa nailoni uliojaa nguo zilizokunjwa vizuri, shati la bluu likiwa juu kabisa, na kila mara aliiinamia kola yake akainyoosha kwa kidole gumba ingawa haikuwa na mkunjo. Mtoto mdogo alikuwa akihesabu madirisha kwa sauti, akipotea na kuanza upya. Hakuna kati yao aliyeutazama mnara. Kengele ililia, mlango mdogo ndani ya mlango mkubwa ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, wakaingia, ukafungwa.

Kwa nafasi yake na umbo lake naipa nyota tano kati ya tano, kwa jinsi inavyomfundisha asiyejua naipa mbili, na kwa kiingilio siwezi kuipa alama yoyote. Nilishuka hadi Piazza Martiri della Libertà kungojea basi la saa kumi na moja. Yule mama na watoto wake walifika dakika chache baadaye, mfuko umekunjwa mara nne na kubanwa kwapani, na basi lilipoanza kuteremka mtoto aligeuka kwenye kiti chake, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuhesabu tena.